Mzee hasemi: anaona au haoni? Dalili, vyanzo na namna ya kupima

Faili la mzee asiyeongea, ukifungua sehemu ya macho, mara nyingi lina neno moja tu: "haoni" au "hapimiki". Yote mawili huandikwa haraka. "Haoni" maana yake aliulizwa akanyamaza. "Hapimiki" maana yake aliyekuja na chati ya herufi E hakuwa na njia nyingine ya kupima. Kati ya kutojibu na kutoona kuna mambo mengi, na sehemu kubwa yake inaweza kutafutwa na mhudumu wa zamu mwenye tochi, kioo na subira.

Mwongozo huu ni wa wahudumu wa makao ya wazee, na wa familia za hapa Moshi na Arusha zinazomuuguza bibi au babu nyumbani: aliyepigwa na kiharusi akapoteza maneno, mwenye ugonjwa wa kusahau uliofika mbali, au kiziwi ambaye hakuwahi kufundishwa lugha ya alama. Hauchukui nafasi ya daktari wa macho. Unakusaidia kufika kwake ukiwa na cha kumweleza.

Kwanza, yasiyo ya macho

Anza na lugha. Ugonjwa wa kusahau unaweza kula kwanza lugha ambayo mtu aliipata baadaye. Kiswahili cha shuleni na kazini kinaweza kuondoka, kikabaki Kirombo cha utotoni. Unamwambia "babu, angalia hapa" naye anakutazama kama ukuta, si kwa sababu haoni bali kwa sababu hujasema naye. Wala usimwite dada yeyote "anayejua Kichaga", maana mtu wa Machame na mtu wa Rombo hawaelewani kirahisi hivyo. Tafuta mtu wa upande wake. Kwa Arusha ni hivyo hivyo kwa Kimeru na Kimaasai. Salamu moja ya kwao, ikisemwa karibu na taratibu, inaweza kumwinua uso mtu aliyeandikwa kwamba haitiki.

Halafu sikio. Mulika kwa tochi. Nta iliyojaa hutosha kumfanya mzee aonekane hayupo.

Halafu miwani, na hapa uliza swali ambalo watu hulikwepa: hii miwani ni ya nani? Kwenye makao ya wazee miwani hutembea. Nyingine ilikuja kwenye boksi la msaada, nyingine ni ya marehemu aliyekuwa kitanda cha pili. Ishike juu ya gazeti, uinue polepole: herufi zikikua, ni lenzi ya kusomea. Mzee aliyevishwa ya kusomea kutwa nzima, akitazama mlangoni, huona ukungu. Na kabla ya yote hayo, ifute. Uji uliokauka kwenye lenzi si ugonjwa.

Dawa zina saa zake. Diazepamu na haloperidoli humlaza mtu akiwa macho wazi. Amitriptilini, na ile dawa ya kuzuia mitetemo inayoitwa Artane, hutanua mboni na kuharibu uoni wa karibu. Pima asubuhi akishakunywa chai na kwenda haja, ikiwezekana kabla ya dozi inayomlevya. Usisimamishe dawa kwa ajili ya kupima. Sogeza saa ya kupima.

Kuhusu mwanga, kosa la kawaida ni varandani. Mzee amekaa akiangalia uani kwenye jua, wewe umesimama mbele yake mgongo ukiwa juani. Anachokiona ni kivuli chenye sauti. Mgeuze, mwanga utoke nyuma yake ukuangukie wewe. Mwezi wa sita na wa saba, mawingu yakiushukia mji, vyumba vingi vya ndani vina giza hata saa sita mchana, washa taa.

Mwisho shingo. Aliye kwenye kiti cha magurudumu, kidevu kimelala kifuani, anaona mapaja yake. Weka mto nyuma ya kichwa, kisha wewe mwenyewe shuka, piga goti, uingie pale macho yake yalipo.

Dalili: ukipitisha mkono machoni hapepesi

Hiki ndicho kipimo kinachotumiwa vibaya kuliko vyote. Mtu anapunga mkono, mzee anapepesa, inaandikwa "anaona". Lakini mkono uliofumbata vidole husukuma upepo, na upepo ukigusa jicho hata kipofu hupepesa. Tanua vidole, leta mkono kutoka pembeni, usimame kabla ya kuufikia uso.

Asipopepesa, usikimbilie kalamu. Kupepesa mbele ya kitu kinachokuja ni kazi ya ubongo pia, na ubongo ulioumia unaweza kuipoteza huku jicho likiona. Endelea, ukianza na kitu kikubwa kwenda kidogo.

Mwanga kwanza. Chumba kikiwa na giza kiasi, washa tochi upande mmoja. Je, anafumba, anageuka, anakunja uso? Kama ndiyo, mwanga unafika.

Kisha kioo. Chukua kioo kikubwa kinachoweza kubeba uso mzima, kile cha kunyolea ni kidogo mno, ukishike karibu nusu mita mbele yake, ukiinamishe taratibu kulia na kushoto. Hakuna kipimo rahisi chenye nguvu kama hiki, kwa sababu picha yote inatembea na ndani yake mna uso. Macho yakitembea na kioo, yakarudi nacho, umepata jibu: anaona, angalau vitu vikubwa. Fanya kimya kabisa. Vua bangili, funguo ziache mezani, na aliye nyuma yako asiseme "babu, huku!" Kipofu naye hugeukia sauti. Hugeukia hata harufu, kwa hiyo bakuli la mtori lililotoka jikoni halifai kuwa kifaa cha kupimia.

Kioo kikishindwa, jaribu kitambaa chenye mistari mipana myeusi na myeupe. Kivute mbele ya uso kuelekea upande mmoja, mfululizo. Macho yanayoona husindikiza mstari polepole, kisha huruka kurudi na kushika mwingine, tena na tena, bila mwenyewe kutaka. Ukiuona mruko huo, picha inafika ubongoni. Usipouona, hujajua kitu; hilo si jibu la "haoni".

Sasa mboni. Wazee wana mboni ndogo, ndiyo maana lazima ufunge pazia kwanza. Mulika jicho la kulia, hamia la kushoto, rudi, ukikaa sekunde mbili au tatu kila upande. Mboni zote mbili zikinywea, njia ya mwanga kutoka kwenye jicho hadi shina la ubongo ni nzima. Hilo halithibitishi kwamba anaona, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoona iko kisogoni, na njia ya mboni haifiki huko. Mboni nzuri, kioo hakifuatwi, mwanga haumsumbui: fikiria kiharusi cha pande zote mbili za kisogo, au usingizi wa dawa, au kuchanganyikiwa kwa ghafla.

Lakini kama tochi ikihamia jicho moja mboni inatanuka badala ya kunywea, andika kwa herufi kubwa. Jicho hilo lina ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa jicho au wa eneo kubwa la retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Mtoto wa jicho peke yake hauleti hali hiyo, hata ukiwa mweupe kama karatasi. Familia inayouza ng'ombe ili babu afanyiwe upasuaji ina haki ya kulijua hilo mapema.

Dalili: jana alifuata kioo, leo hafuati

Magonjwa mengi ya macho hayabadiliki hivyo. Jicho lenye mtoto wa jicho siku ya Jumatatu lina mtoto wa jicho na Alhamisi. Kinachopanda na kushuka ni mtu mzima: homa, UTI, malaria, kukosa maji, choo kilichofunga siku nyingi, degedege dogo ambalo hakuna aliyeliona, dozi ya usiku iliyozidi. Tafuta hayo kwanza. Mojawapo ya aina za ugonjwa wa kusahau nayo hufanya mtu awe mzima asubuhi na kupotea jioni.

Vighairi viwili. Jicho kavu hubadilika kutwa. Na sukari: ikipanda sana, lenzi ya jicho hubadilika, na mtu anaweza kuona ukungu kwa siku au wiki kadhaa, kisha kurudi. Mwenye kisukari ambacho bado hakijatulia asipimiwe miwani mipya. Atapewa lenzi za sukari ya wiki hiyo.

Pima siku tofauti na uchukue jibu lililo bora zaidi. Mtu hawezi kubahatisha kufuata kioo kimya kimya mara tano. Akifanya hivyo vizuri hata siku moja, uwezo huo anao.

Dalili: anakula nusu ya sahani

Zungusha sahani nusu duara. Akiendelea kula alichokuwa amekiacha, hakushiba, alikuwa hajakiona. Kiharusi kimemkatia upande mmoja wa picha, au kimemfanya asiujali upande huo. Haya ni mambo mawili, na yanatofautiana kwenye matunzo.

Aliyekatiwa upande wa kuona hujifunza polepole kugeuza kichwa kuutafuta. Asiyeujali hageuki, kwake upande huo haupo, na utamkuta hata mkono wake wa upande huo ameulalia. Kuwatenganisha: tikisa kidole kimya kushoto peke yake, kisha kulia peke yake, kisha vyote pamoja. Akitazama kila kimoja kinapotikiswa peke yake, lakini vikitikiswa pamoja akakifuata cha kulia tu, jicho linaona upande wa kushoto. Ubongo ndio unaouacha.

Kumbuka pia kwamba kwa watu wengi maneno yako ubongo wa kushoto. Kwa hiyo mzee aliyepoteza usemi kwa kiharusi, mkono wa kulia ukiwa umelegea, upande wa kuona unaoweza kupotea ni wa kulia. Angalia kitanda chake kimekaaje. Kama mlango uko kuliani, kutwa nzima watu humtokea ghafla na kumshika, naye hupiga mikono, na ripoti ya zamu husema "mkorofi". Geuza kitanda.

Si kila nusu ya sahani ni kiharusi. Bibi mmoja alikuwa akimaliza maharage na mchicha, akiuacha wali wote, na dada wa jikoni alishajiridhisha: "Bibi hapendi wali." Sahani ilikuwa ya bati jeupe. Ukitazama vidole vyake vizuri uliviona vikifuata ukingo wa maharage, vikifika pale weusi unapoishia vinasimama, vinarudi. Wali uleule kwenye bakuli la bluu iliyokoza ulikwisha. Tatizo halikuwa upande wala hamu, ni tofauti ya rangi, na kinachopunguza uwezo huo kwa wazee mara nyingi zaidi ni mtoto wa jicho. Jaribu na kikombe: chai ya rangi ndani ya kikombe cheupe, kisha maziwa ndani ya kikombe hichohicho. Mkono unaokwenda moja kwa moja kwenye kimoja na kupapasa kwenye kingine unakueleza mengi.

Dalili: anapapasa hewani, anachuma nyuzi zisizokuwepo, anatabasamu na ukuta

Hapa ndipo wazee huonewa. Utasikia amepagawa, au anaongea na wafu wake, au ni "akili tu".

Mwaka 1760 Charles Bonnet, mwanazuoni wa Uswisi, aliandika habari za babu yake aliyekuwa na macho mabovu na akili timamu, aliyekuwa akiona watu, ndege na majengo ambayo hayapo. Ubongo ukikosa picha kutoka machoni hujitengenezea zake. Mwenye kusema atakwambia. Asiyesema atanyoosha mkono hewani, atakwepa kitu, atavuta uzi kwenye khanga usioonekana. Kama hali hiyo ni ya muda mrefu, tulivu, huja zaidi jioni mwanga unapopungua, na hana homa, kayapime macho yake kabla ya kutafuta dawa ya akili. Mara nyingi kuongeza taa peke yake hupunguza.

Ila kama imeanza ghafla, usingizi umepinduka na anatetemeka au ana joto, hiyo ni dharura ya mwili. Kwa mkoa huu uliza jambo ambalo familia huona aibu kulitaja: kabla hajaletwa alikuwa anakunywa mbege au gongo kila siku? Aliyekatishwa pombe ghafla anaweza kuanza kuona vitu siku ya pili au ya tatu baada ya kufika, na hali hiyo huua.

Jambo moja la kumwambia daktari kabla hajaandika haloperidoli: mzee mwenye kusahau, anayeona vitu, na ambaye mwili wake tayari ni mkakamavu na hatua zake ni za kuburuza, anaweza kukakamaa vibaya kwa dawa hiyo.

Dalili: anakusukuma ukimfunika jicho moja

Shukuru. Umepata kipimo bora cha kulinganisha macho mawili. Funika la kulia kwa kiganja; ametulia. Funika la kushoto. Anakusukuma, anageuza kichwa, anachungulia pembeni. Umemfunika jicho analotegemea, kwa hiyo la kulia ni bovu zaidi. Rudia kwa kubadilishana ili uwe na uhakika.

Akigoma pande zote mbili sawasawa, anachokataa ni mkono usoni. Bandika plasta kwenye lenzi moja ya miwani ya zamani, umvishe hiyo. Akitulia pande zote mbili, ama macho yanalingana, ama yote hayaoni. Rudi kwenye kioo, jicho moja moja.

Kazi ya kujua hili ni nini kama hawezi kupewa hata miwani? Kubwa. Chai ya moto isitoke upande wa jicho bovu. Na jicho zuri lililobaki likianza wekundu, hakuna kusubiri wiki ijayo.

Dalili: anasugua, anafumba, machozi yanatiririka, hataki mwanga

Jicho lililofumbwa huandikwa "hakushirikiana". Mara nyingi linauma.

Kwa bibi aliyetoka maeneo ya wafugaji, Longido, Monduli, Ngorongoro, angalia kope kabla ya kitu kingine. Trakoma ya utotoni, ambayo wengi huiita vikope, huacha kovu ndani ya kope la juu, na uzeeni nywele za kope hugeukia ndani zikikwaruza jicho kila anapopepesa. Wanawake huipata zaidi, kwa kuwa ndio walioshinda na watoto wenye macho machafu. Mulika kutoka pembeni, si mbele, utaziona zimelala juu ya jicho. Mara nyingine hutaona nywele hizo kabisa, kwa sababu kwa miaka mingi bibi alikuwa akizing'oa kwa kibano. Sasa mikono imeshindwa, zinaota tena fupi na ngumu. Dawa yake ni upasuaji mdogo wa kope, na baada yake mzee "asiyeshirikiana" anaweza kukufungulia macho mwenyewe.

Uso uliopooza upande mmoja nao una jambo lake. Mwangalie akiwa amelala: kama jicho halifungi, linakauka usiku kucha. Anahitaji mafuta ya jicho na kope kufungwa kwa plasta laini wakati wa kulala, na daktari kulitazama.

Yafuatayo hayangojei kesho. Jicho moja jekundu, limefifia kama lina mvuke, mboni imetanuka haishtuki, mzee anashika kichwa na kutapika: presha ya jicho imepanda ghafla. Kwa asiyesema hutibiwa malaria au tumbo, na jicho hufa kwa siku chache. Doa jeupe kwenye kioo cha mbele cha jicho, pamoja na wekundu: kidonda. Na mzee aliyekuwa akifuata kila anayepita akaacha ghafla. Hawa wote waende siku hiyo hiyo.

Usimtie matone ya duka la dawa bila kujua yana nini. Yenye steroidi hutuliza wekundu huku kidonda kikichimba chini. Maji ya tumbaku, majani yaliyosagwa, maziwa ya mama: hapana.

Dalili: anajigonga mlangoni, lakini anaokota chembe mezani

Tandaza khanga nyeusi, weka punje moja ya wali uliopikwa (si karanga, anaweza kupaliwa). Anayeiokota kwa vidole viwili bila kupapasa ana uoni wa katikati usio mbaya. Kama huyo huyo hujigonga kwenye fremu za milango na kukanyaga paka, pembeni pamefungwa: fikiria glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, ile ya polepole isiyouma. Ikishaua mshipa, haurudi, lakini matone huzuia kilichobaki kisiende.

Kinyume chake ni mzee anayepita uani bila kugusa kiti, ila uso wako haufahamu mpaka useme, na punje haioni: katikati ya retina ndipo penye shida, iwe ni kwa umri au kwa kisukari.

Mboni nyeupe au ya kijivu, na anayeona vizuri zaidi kwenye kivuli kuliko juani: mtoto wa jicho. Hilo ni la furaha, linatibika, na ugonjwa wa kusahau si sababu ya kumnyima. Anaweza kuhitaji usingizi kamili badala ya sindano ya ganzi, basi.

Ukifika kliniki

Wengi hawajui ni kiasi gani kinaweza kupimwa bila jibu la mgonjwa. Nguvu ya miwani husomwa kwa kumulika jicho na kutazama mwanga unavyorudi; mzee hahitaji kusema neno. Presha ya jicho hupimwa kwa kifaa cha kugusa. Lenzi na retina huangaliwa moja kwa moja, na kama lenzi imeziba kabisa, altrasaundi ya jicho huonyesha kama retina imebanduka. Zipo pia kadi za mistari zilizotengenezwa kwa watoto wachanga: upande mmoja mtupu, mwingine una mistari, na jicho linaloona hukimbilia mistari. KCMC hapa Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara ya macho na hufundisha wapima macho. Si kweli kwamba lazima umpeleke mzee Dar es Salaam.

Kadi za mistari zisikudanganye. Namba yake huwa nzuri kuliko hali halisi, hasa katikati ya retina pakiwa pameharibika, kwa sababu kugundua kwamba kuna mistari ni rahisi kuliko kutambua uso wa mwanao. Ukiona kadi inasema vizuri na sahani inasema vibaya, amini sahani.

Mtu wa kumsindikiza awe mlezi wa kila siku, si dereva wala mjukuu aliyetoka mjini jana. Na ukiambiwa "huyu hapimiki", omba kwa heshima mambo manne yaandikwe: mboni, presha, lenzi, retina. Hayo hayahitaji maneno ya mzee.

Namna ya kuandika

Makao ya wazee ya Marekani yana fomu ya lazima yenye ngazi tano za uoni, 0 hadi 4. Wa 0 anasoma maandishi ya kawaida, wa 1 anasoma makubwa tu, wa 2 hasomi hata vichwa vya habari lakini anatambua vitu. Wa 3 haijulikani kama anatambua, ila macho yake yanafuata. Wa 4 hafuati, au anaona mwanga, rangi na maumbo tu. Ninachokipenda ni ile 3. Inakubali kwamba kufuata si kutambua, na haimlazimishi mhudumu kudai asichokijua. Mzee wako asiyesema anayefuata kioo, kama huna ushahidi zaidi, yuko hapo. Ukimwona akichagua kijiko kati ya kijiko na kitana, au akimtambua mwanawe kimya kimya mlangoni kabla hajasema, mpandishe. Vipimo vya 6/18 na 3/60 waachie wenye chati.

Andika ulichokiona, si ulichohitimisha, kila jicho peke yake, pamoja na saa, mwanga na dawa. Mfano:

"Saa 3 asubuhi, ameshakunywa chai, hajapewa dawa ya usingizi. Amekaa, mwanga wa dirisha nyuma yake, bila miwani. Jicho la kulia: mwanga anaukimbia, kioo anakifuata pande zote, punje ameiokota mara mbili kati ya tatu. Jicho la kushoto: mboni nyeupe, tochi ikihamia hapa mboni inatanuka, kioo hakifuati. Akifunikwa la kulia anasukuma mkono. Ngazi: 2. Ameongeleshwa Kirombo na mwanawe."

Rudia baada ya upasuaji wowote, baada ya dawa mpya, na kwa aliyepata kiharusi rudia kila mwezi kwa miezi ya mwanzo, kwa kuwa upande uliopotea unaweza kurudi kiasi. Nakala moja ikae kwenye bahasha ya rufaa, siku zote, maana mzee huyu akikimbizwa hospitali usiku wa manane, hataweza kumwambia daktari kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa hivyo tangu mwaka jana.